Picha Iliyopenya Ukuta

"Sinia, shangazi. Lisogeze kidogo, linanizibia."

"Sinia la kashata linaziba picha?" Shangazi Zubeda alinitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe Naila, huko Kibaha mnafundishwa mambo."

Lakini alilisogeza, kwa sababu na yeye alikuwa na hamu ya kuona. Tulikuwa tumejaa chumbani mpaka watoto wamepandishwa juu ya makabati, na mvua ilikuwa inayapiga mabati ya nyumba ya baba pale Marui kama inadai kuingia. Wanaume walikuwa upande wa pili wa ukuta, barazani. Huko ndiko ndoa ya mdogo wangu Siwema ilikuwa inafungwa. Siku zote bi harusi husikia ndoa yake kwenye spika. Siku hiyo spika ilikuwepo, lakini mvua ilikuwa na sauti kuliko spika, kuliko sheikh, na kuliko shangazi Zubeda, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siwema alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. "Dada, nataka nimwone Kitwana wakati anatamka. Wenzangu wote wamesimuliwa tu. Mimi nataka nione kwa macho yangu."

Na mimi kazi yangu ni picha. Kwenye ndoa zetu mwanaume haingii na kamera chumbani kwa bi harusi, kwa hiyo mimi napiga upande wa wanawake na Rama anapiga upande wa wanaume. Tuna studio yetu kule Kibaha, pale Picha ya Ndege, ndogo, yenye pazia la bluu na feni inayolia. Kamera ya Rama ina waifai yake yenyewe. Haili bando wala haijali mnara wa simu. Ukishaiunganisha na simu, kila picha inayopigwa inajileta yenyewe, mradi usiwe mbali. Ndiyo maana nilikuwa nimejibana kwenye kona, bega ukutani, simu nimeinyanyua usawa wa dirisha, na Siwema na hina yake na ushungi wake amekaa ukingoni mwa kitanda ananiangalia mimi kama mimi ndiye niliyemficha Kitwana mfukoni.

Sasa nimeshamtaja Rama, na siwezi kumtaja nikapita tu.

Mwaka jana, baada ya Idi, Rama alileta washenga kwa baba. Baba aliwakaribisha vizuri, akawapa chai na mihogo, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumesikia. Tutawajibu." Basi. Idi ikaja nyingine, jibu hakuna. Kuchumbiwa sijachumbiwa, kukataliwa sijakataliwa. Watu wakiniuliza, nacheka. Shangazi Zubeda ndiye aliyeninong'oneza kwamba baba ana wasiwasi, kwamba kwao Rama ni Kondoa, kwamba hakuna mtu Marui anayemjua hata babu yake, na kwamba mpiga picha leo yuko hapa kesho yuko Tunduru. Baba mwenyewe sijawahi kumuuliza. Mtoto wa kike nitaanzia wapi kumuuliza baba yangu posa yangu imefikia wapi? Na huku mdogo wangu ananitangulia, nami nampiga picha.

Asubuhi ile Rama alifika kwa bodaboda, matope mpaka magotini, kanzu yake ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Tulikutana nyuma ya jiko kuunganisha kamera na simu. Alikuwa ameshabadilisha nguo, kanzu nyeupe na kofia, na mimi nikajifanya naangalia kioo cha simu.

"Kina Kitwana wako wapi?" nilimuuliza.

"Wako nyuma. Noah tatu kutoka Magindu, wazee wote na washenga. Mimi nilitangulia nipige picha za maandalizi." Akabonyeza kamera, akanipigia picha moja ya majaribio. Ikaja kwenye simu. Mimi, nimekunja uso. "Inafanya kazi," akasema. "Na wewe umependeza."

"Nimenuna."

"Umenuna ukapendeza."

Nikataka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya kutulia ambayo huwa namwona nayo akisubiri mwanga ukae sawa. Nikajua kuna neno.

"Naila, mama kapiga simu jana. Kule Kondoa wameshaona binti. Ananisubiri mimi tu niseme."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimemwambia anipe siku ya leo. Nikimaliza kazi namfuata baba yako, namuuliza. Akisema hapana, nitaelewa. Akinyamaza tena, nitajua ni hapana. Sina mwaka mwingine wa kungoja, Naila. Siyo kwamba sikupendi. Nimechoka kuwa mtu asiyejibiwa."

"Usimuulize leo. Leo ni siku ya Siwema."

"Siku yetu ni lini?"

Mtu akaita jikoni nilete mwiko, nikaenda kuleta mwiko. Ndivyo tulivyoachana.

Kwa hiyo pale kwenye kona nilikuwa nashika simu kwa ajili ya Siwema kwa mkono na hofu yangu mwenyewe kwa moyo. Picha zikaanza kuja. Viatu vimejaa mlangoni, vimelowa. Baba, Mzee Mwinyimadi, na koti lake la sherehe juu ya kanzu. Sheikh Isihaka anafuta miwani. Wanawake wakawa wanazipokezana kwa macho. "Mwinyimadi kapendeza." "Sheikh kanenepa." Halafu picha zikakoma.

"Imeganda?" Siwema aliuliza.

"Haijaganda. Hapigi."

"Kwa nini hapigi?"

"Siwema, mimi niko humu na wewe. Nitajuaje?"

"Kitwana kafika kweli?"

"Kafika," alisema shangazi Zubeda kwa uhakika wote. "Gari nimelisikia mie kwa masikio yangu."

Tukangoja. Mvua ikaongeza. Halafu simu ikatikisika mkononi, picha ikaingia.

Nilijua mara moja kwamba siyo Rama aliyeipiga. Ilikuwa imepinda, na kwenye kona kulikuwa na kivuli cha kidole. Katikati ilikuwa mikono miwili ya kulia imeshikana, na juu yake mkono wa sheikh na kitambaa cheupe. Picha hiyo nimeiona kwenye ndoa zisizo na idadi. Hakuna mtu kwetu asiyeijua. Mkono mmoja unaoza, mkono mwingine unaoa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa baba, nautambua kwa pete yake ya fedha. Nikaufuata mkono wa pili. Mkono wa kanzu, bega, shingo, uso.

Rama.

Nasema kweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ilinipanda ghafla, mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema moyoni, baba kajibu. Kaamua kuwaoza wote wawili kwa pilau moja, mtu mzima anajua kubana matumizi. Nimeolewa na Rama na mkono wangu umeshika simu!

Halafu furaha ikasimama. Mbona sijaulizwa? Mbona hakuna aliyekuja kunitaka ridhaa yangu? Ina maana baba kanyamaza mwaka mzima, halafu leo kainuka tu na kunitoa kama anatoa mbuzi wa akika? Na huyo Rama, anayejifanya ananiheshimu, kakubali tu? Hasira ikanijia juu ya furaha, zikachanganyika, nikashindwa kujua nicheke au nilie.

Picha ya pili ikaingia. Rama amefungua mdomo, anatamka. Baba anamtazama kwa macho makali ambayo sijawahi kumwona nayo. Ya tatu ikaingia. Baraza lote limepinda kwenye picha, wanaume wengine wameziba midomo, wengine wanacheka, sheikh ameinua kidole juu. Halafu muunganiko ukakatika kabisa.

"Nionyeshe."

Siwema alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija. Nilitaka kuificha simu lakini nilichelewa.

"Dada, Kitwana yuko wapi?"

"Sijui."

"Huyu ni Rama."

"Naona."

"Kashika mkono wa baba."

"Naona, Siwema! Macho ninayo."

Wakati huohuo jikoni vigelegele vikalipuka. Mtu alikuwa amepita akasema ndoa imefungwa, na vigelegele havina breki. Vikaingia chumbani, vikashika kitanda na kabati na watoto walio juu ya kabati. Wanawake wakaanza kumkumbatia Siwema. "Hongera, mwali! Hongera, mama!" Yeye akasimama katikati yao, ushungi umemtoka nusu, akaniuliza kwa sauti ambayo niliisikia licha ya mvua na kila kitu:

"Sasa mimi nimeolewa na nani?"

Nikaitazama tena ile picha. Kwa sababu hilo sikuwa nimelifikiria. Baba ana mabinti wawili. Siku ile ilikuwa ya Siwema. Ndoa iliyoandaliwa ilikuwa ya Siwema, mahari yalikuwa ya Siwema, na mkono uliokuwa mkononi mwa baba ulikuwa wa Rama.

"Hapana," nilisema. "Haiwezekani."

"Kitwana kaniacha?" Machozi yalikuwa yameshaanza kubeba wanja. "Kaniacha, na baba ili asiaibike kanipa huyu aliyekuwepo?"

"Siwema, acha."

"Mabinti wanaozwa hivyo, dada! Si tumesikia? Bwana harusi hakutokea, akaozwa rafiki yake!"

"Nimesema acha!"

Shangazi Zubeda akanipokonya simu, akaivuta mbali na macho yake, akaileta karibu, akaivuta tena mbali. "Huyu si yule wa kwako wa Kondoa?"

Wanawake wote wakanigeukia mimi. Kumbe wote walijua. Mwaka mzima nacheka, kumbe wote walijua.

Kabla sijajibu, mlango uligongwa na kichwa cha binamu yetu Maulidi kikachungulia huku amejifunika uso kwa adabu, maji yanamtiririka. "Mmesikia?" alipiga kelele kushinda mvua. "Rama kamtaja Naila! Mbele ya sheikh!"

"Kamtaja kwenye nini?" shangazi alimfokea.

"Kwenye ndoa!"

Mtu akamwita huko nje, akakimbia. Aliacha mlango wazi. Shangazi Zubeda akaketi taratibu juu ya sinia la kashata.

"Jamani," akasema. "Hapa tuna maharusi wawili, au hatuna hata mmoja?"

Nilitoka. Sikuvaa viatu. Nilipita jikoni katikati ya masufuria, mmoja wa wapishi akaniita nionje chumvi, nikampita. Chini ya upenu wa jiko alikuwa amesimama Rama, peke yake, kofia mkononi, kanzu imelowa mabegani, kama mtu aliyefukuzwa. Aliponiona alipiga hatua moja kuja, akasita.

"Umemuoa nani?" nilimuuliza.

"Naila, subiri nikueleze."

"Usinieleze. Jibu. Umenioa mimi au umemuoa mdogo wangu?"

"Sijamuoa mtu."

"Umeshika mkono wa baba yangu mbele ya sheikh na mashahidi, halafu hujamuoa mtu? Picha nimeziona, Rama! Zimekuja zenyewe simuni!"

Alijishika kichwa. "Kamera ilikuwa bado imewashwa. Nilimpa Maulidi. Ya Rabi, mmeona zote?"

"Siwema ameona. Analia kule ndani. Anadhani Kitwana kamkimbia."

"Kitwana hajakimbia. Yuko kwenye matope." Akavuta pumzi. "Noah zimenasa kwenye korongo, zote tatu, maji yamejaa. Wako hapo ng'ambo, hata sauti zao ukisikiliza unazisikia. Sheikh ana ndoa nyingine Maneromango baada ya Alasiri, na baba yako kasema mvua haivunji ndoa. Wakampigia Kitwana, wakaweka sauti kubwa. Sheikh akamwambia, teua wakili akupokelee ndoa yako. Na mtu wa msafara wake aliyekuwa amefika ni mmoja tu."

Nilimtazama. "Wewe."

"Mimi. Nilikuwa nimepiga magoti napiga picha ya viatu. Nikaambiwa weka kamera, kaa hapa, mpe mzee mkono."

Wakili. Neno dogo hivyo. Mume yuko ng'ambo ya korongo, mwingine anaketi mahali pake na kukubali kwa niaba yake, na ndoa inakuwa ya yule wa ng'ambo. Nimeishi na mila hiyo tangu utoto na haikunipitia akilini hata mara moja, kwa sababu akili yangu ilikuwa imejaa yeye. Nikaegemea nguzo ya jiko nikacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kikawa kilio, sijui kilipogeukia.

"Usilie," alisema. Alinyoosha mkono, akaurudisha. Wapishi walikuwa wanatuangalia. "Siwema ni mke wa Kitwana, halali yake. Nenda ukamwambie."

"Na mimi?" nikajifuta kwa upande wa kanga. "Maulidi kasema umenitaja mimi."

Hapo ndipo Rama alipoinamisha macho. Mtu mzima, na ndevu zake, akaanza kuchezea kofia.

"Sheikh alinifundisha maneno. Niseme, nimemkubalia Kitwana kumuoa Siwema binti Mwinyimadi kwa mahari yaliyotajwa. Maneno mepesi. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa baba yako, Naila. Unajua nimeufikiria mkono ule mara ngapi? Nikiendesha pikipiki naufikiria. Nikisafisha lenzi naufikiria. Akasema sema. Nikafungua mdomo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, nimekubali kumuoa Naila."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na nikasikia kwamba maneno hayo yamefika mpaka kwa wapishi, maana mwiko ulisimama kwenye sufuria.

"Bila kumtaja Kitwana?"

"Kitwana nilimsahau kabisa."

"Rama!"

"Watu wakacheka. Wengine wakasema astaghafirullah. Sheikh akainua kidole, akasema hapo hakuna ndoa, anayeozwa siye aliyekubaliwa, rudia. Nikarudia vizuri. Ikafungwa. Lakini lile la kwanza limeshatoka."

Ndiyo picha ya tatu ile. Midomo iliyozibwa, kidole cha sheikh. Na picha ya pili, macho ya baba.

"Baba kasemaje?" nilimuuliza.

"Hajasema."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Aliukaza tu mkono wangu. Aliukaza mpaka mifupa ikalia, akanitazama, halafu akaulegeza turudie. Sijui alikuwa ananionya au vipi. Nimekimbilia huku kwa sababu nimeona aibu kukaa pale. Nilitaka kumuuliza kwa heshima, baada ya chakula, mbele ya watu wake. Sasa nimemharibia ndoa ya mtoto wake." Akanitazama usoni. "Nadhani jibu nimeshalipata. Nikichukua kamera yangu nitaondoka. Nenda kwa mdogo wako."

"Utaenda Kondoa?"

Akaivaa kofia yake. Nikajua atakwenda. Nilitaka kumshika kanzu. Nilitaka pia kumzaba kibao. Nilitaka arudi mwanzo akosee tena.

"Naila."

Sauti ya baba. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, ameshika mwavuli mweusi na kujikinga nao nusu tu. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Rama akajinyoosha. "Mzee, naomba radhi. Ulimi uliteleza. Wallahi sikukusudia."

Baba akauinua mwavuli. "Kamera yako iko kwa Maulidi," akasema. "Inanyeshewa na mvua. Kaichukue."

Rama akaondoka bila kunitazama. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya choo. Moyo wangu ulikuwa umeshamfuata, miguu tu ndiyo ilibaki.

"Sogea chini ya mwavuli," baba alisema.

Nikasogea. Tulikuwa hatujawahi kusimama karibu hivyo tangu mama alipofariki. Alinuka udi na mvua.

"Mdogo wako analia nini? Nimesikia kilio."

"Alidhani kaolewa na Rama."

"Na wewe?"

"Mimi na nini, baba?"

"Wewe ulidhani nini?"

Niliangalia vidole vyangu vya miguu kwenye matope. "Nilidhani mengi. Yote yamenichanganya."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na jambo aliloambiwa na mwingine. "Sheikh Isihaka kaniuliza swali," akasema. "Baada ya yule kijana kukosea. Kaniinamia sikioni, kaniuliza, Mwinyimadi, huyo aliyetajwa, mwenyewe anataka? Mie nikakosa la kumjibu. Nimekaa na watu wazima barazani kwangu, naulizwa habari ya mwanangu, sina jibu." Akakohoa. "Washenga walikuja, nikafikiria kabila lao, nikafikiria umbali, nikafikiria kazi yake. Kila mtu nilimuuliza, hata mwenye duka. Wewe sikukuuliza."

Nikainua macho nikamtazama.

"Sasa nakuuliza. Na sitaki kukutia aibu. Mwanamwali akiulizwa, kimya chake ndiyo ridhaa yake, ndivyo dini inavyotufundisha. Kwa hiyo huna haja ya kusema. Nyamaza tu. Mimi nitaelewa."

Alinitazama kwa upole ambao nilikuwa nimeshausahau. Alikuwa ameniachia njia nyepesi kabisa. Nisimame tu pale, niangalie chini, ninyamaze, kama walivyofanya mama yangu na mama yake mama yangu. Na nilikuwa na aibu, Mungu anajua. Masikio yalikuwa yanawaka, wapishi walikuwa wametulia kimya, na nilikuwa peku mbele ya baba yangu na matope mpaka vifundoni.

Lakini nikafikiria mwaka ule wote. Nikafikiria jinsi nilivyokuwa nikipima kimya chake usiku na mchana, mara naona ni ndiyo, mara naona ni hapana. Sikutaka mtu mwingine yeyote, hata baba, apewe kimya halafu aachiwe akifasiri.

"Baba," nikasema, "mimi sitanyamaza. Namtaka Rama. Kondoa nimeshaiangalia kwenye ramani, siyo mbali hivyo. Na akiondoka leo bila jibu hatarudi, nami sitamlaumu."

Nafikiri hakuna aliyewahi kumwambia baba maneno ya namna ile. Nilingoja anifokee. Ng'ambo ya shamba honi zilikuwa zimeanza kulia, moja, halafu nyingine, halafu kelele za wanaume wanaoimba na kusukuma gari. Kina Kitwana walikuwa wametoka kwenye korongo. Ndani ya nyumba Siwema alisikia honi zile, maana nilisikia kicheko chake, na vigelegele vikaanza upya.

"Mwanangu we," baba alisema hatimaye. Ilikuwa sauti ya shangazi Zubeda kabisa, sauti ya nyumbani. Akanikabidhi mwavuli. Akaivuta kofia yake ikakaa sawa, akapandisha kanzu juu ya vifundo, akaanza kutembea kwenye matope kuelekea njiani kuwapokea wageni.

Rama alikuwa pale mbele ya nyumba, ameinamia begi lake, anafunga zipu. Akalitia begani. Baba akampita. Nikaona anampita, na nikafumba macho.

"Rama!"

Nikafumbua. Baba alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, bila kugeuka.

"Liweke chini hilo begi. Njoo tukampokee mwanyumba wako."

Mwanyumba. Ndivyo wanavyoitana wanaume waliooa ndugu wawili. Vicheko vilikatika barazani. Sheikh Isihaka, aliyekuwa anatafuta kiatu chake kwenye lile rundo, akainua kichwa. Maulidi akabaki na mdomo wazi.

Rama akageuka nyuma, kutazama ni nani anayeitwa.